Mashine Kuukuu Inataka Propela Gani?

Mashine ya boti ya nguvu za farasi 15 ikinunuliwa Dar es Salaam na kusafirishwa hadi Karema, hufika ikiwa imepungukiwa na farasi mmoja. Hakuna aliyemwiba njiani. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi duniani ni kwamba injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa Karema hiyo ni asilimia 7 au 8. Kati ya farasi 15, wanaobaki kazini hawafiki 14.

Mashine hiyohiyo ikishafanya kazi miaka kumi na zaidi, ringi za pistoni huwa zimelika, kabureta imefunguliwa mara zisizo na idadi, na petroli imechanganywa na oili kwa kukisia. Nguvu zinapungua tena. Kisichopungua ni mzigo wa propela. Ileile iliyotoka nayo kiwandani, au nyingine iliyofungwa kwa sababu tu iliingia kwenye shafti, bado inadai nguvu za siku ya kwanza.

Ndiyo maana fundi anaweza kubadili plagi, kusafisha kabureta, hata kuweka ringi mpya, na bado mwenye boti akalalamika kwamba mashine "haivuti". Mara nyingi tatizo liko nyuma kabisa, kwenye kile kipande cha alumini chenye mapanga matatu. Kwa mashine kuukuu iliyofungwa kwenye boti nzito ya mbao, propela inayofaa kwa kawaida ni ndogo kuliko mwenyewe anavyodhani, na kipimo cha kuamua hivyo ni mizunguko ya injini.

Kwa mkoa wa Katavi jambo hili linagusa mfuko wa watu wengi. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, una mwambao wa Ziwa Tanganyika katika Wilaya ya Tanganyika, wenye mialo kama Ikola na Karema. Dagaa na migebuka ya huko hupanda barabara ya milima na pori kwa zaidi ya kilomita 100 hadi Mpanda mjini, ambako reli ya kutoka Kaliua imefika tangu zama za mkoloni. Serikali imetumia zaidi ya shilingi bilioni 47 kujenga bandari ya Karema, ikilenga mizigo ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Hata hivyo, kazi ya kila siku ya mwambao bado inabebwa na boti za mbao na mashine za kupachika, nyingi zikiwa za mipigo miwili, zilizokwisha kupita mikononi mwa wamiliki kadhaa.

Namba mbili

Kila propela ya kiwandani ina namba zilizopigwa chapa kwenye kitovu au mgongoni mwa panga. Kwenye Yamaha ya 15, kwa mfano, mtu anaweza kukuta 9¼ x 9 - J. Namba ya kwanza ni kipenyo kwa inchi, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga. Ya pili ni pichi. Hiyo ni hatua ambayo propela ingepiga kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapita kwenye kitu kigumu, mfano wa skrubu kwenye ubao. Pichi 9 maana yake ni inchi 9, karibu sentimita 23, kwa kila mzunguko. Herufi ya mwisho hutaja aina ya kitovu: J ni ya mashine ndogo za kundi la 15, na G ni ya kundi kubwa zaidi ambamo mashine ya 40 imo.

Kipenyo hakibadiliki sana ndani ya kundi moja la mashine, kwa kuwa bamba lililo juu ya propela halitoi nafasi kubwa. Pichi ndiyo inayochaguliwa. Kwa mashine ya 15 zinapatikana propela za pichi kuanzia kama 8 hadi 12, na tofauti hiyo ndogo kwa macho ni kubwa kwa injini.

Dereva wa bodaboda wa Mpanda anayebeba magunia ya mahindi anaelewa jambo hili bila darasa. Akifunga sproketi kubwa nyuma, pikipiki inapanda mlima na mzigo lakini haikimbii. Akifunga ndogo, inakimbia barabara tupu lakini mlimani inazima. Pichi ndogo ni ile sproketi kubwa ya nyuma. Mashine ya kupachika haina gia ya pili wala ya tatu, kwa hiyo propela iliyofungwa ndiyo gia pekee ambayo nahodha anayo mpaka arudi nchi kavu.

Boti nzito ina ukomo wake

Boti ya mbao ya kuvulia dagaa haipandi juu ya maji kama boti ya mbio. Inayasukuma. Inapokwenda, inajitengenezea wimbi mbele na wimbi nyuma, na ikifika mwendo fulani inakuwa kama inataka kulipanda wimbi lake yenyewe. Wahandisi wa vyombo wana hesabu rahisi ya ukomo huo: chukua urefu wa boti kwenye maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.5. Boti yenye mita 9 inapata kilomita 13.5 kwa saa. Kupita hapo kunawezekana, lakini kila kilomita moja ya ziada inakula mafuta kupita kiasi.

Sasa tulinganishe na propela. Mashine ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, gia ya chini huipunguza kwa takriban nusu, kwa hiyo shafti ya propela inazunguka mara 2,500. Kwa pichi ya inchi 10, sawa na sentimita 25.4, propela inataka kwenda kilomita 38 kwa saa. Boti inakwenda 12. Pengo hilo ni kuteleza: mapanga yanachota maji na kuyarusha nyuma bila kuipa boti hatua inayolingana. Kuteleza kidogo ni lazima, bila hivyo hakuna msukumo. Kukizidi, ni petroli inayogeuka povu.

Kinachotokea kwa kweli ni kibaya zaidi. Mashine iliyochoka, ikiwa na boti iliyojaa nyavu, taa, watu na samaki, haifiki hiyo 5,000 hata gesi ikifunguliwa yote. Inakwama labda 4,000. Hapo pichi 10 inataka kwenda kilomita 30 kwa saa, sawasawa kabisa na pichi 8 inayozungushwa kwa 5,000. Tofauti ni kwamba katika 4,000 injini iko chini ya mizunguko iliyotengenezewa, inabanwa, inapata joto, na masizi yanajaa kwenye ringi na tundu la moshi. Injini ya mipigo miwili inayobanwa hivyo kila usiku huishia kukwaruza pistoni au kuijamisha kabisa. Mwenye boti husema oili ilikuwa mbaya, kumbe pengine ni propela.

Upande wa pili nao una hatari. Pichi ikiwa ndogo kupita kiasi, mashine inazunguka kupita 5,500 bila kazi ya maana, na mashine nyingi za zamani hazina kifaa cha kuizuia. Kwa mashine nyingi za kundi la 15 hadi 40, eneo salama gesi ikiwa wazi yote ni kati ya 4,500 na 5,500. Mashine kuukuu inayobeba mzigo ni vizuri ifike karibu 5,000.

Propela ndogo kufanya kazi vizuri kuliko kubwa si jambo geni. Mwaka 1837, mkulima Mwingereza Francis Pettit Smith alikuwa akijaribu boti yake kwenye Mfereji wa Paddington, London. Propela yake ilikuwa skrubu ndefu ya mbao yenye mizunguko miwili kamili. Ikagonga kitu na nusu yake ikavunjika. Boti, badala ya kupunguza mwendo, ikaongeza. Smith alibadili mchoro wake, na miaka michache baadaye meli kubwa zilianza kuacha magurudumu ya pembeni na kufuata propela.

Jaribio la asubuhi moja

Anayetaka kujua propela yake inafaa au la anahitaji chombo kimoja: mita ya mizunguko. Zipo ndogo ambazo waya wake huzungushwa kwenye waya wa plagi, na zinasoma mizunguko bila kufungua chochote. Kabla ya kuitumia, injini yenyewe ikaguliwe, kwa sababu mizunguko midogo huweza pia kutokana na plagi mbovu, kabureta chafu, silinda moja isiyowaka au kompresheni iliyoanguka. Kupunguza pichi ili kuficha silinda iliyokufa ni kuahirisha gharama tu.

Injini ikiwa sawa, ichaguliwe asubuhi ya maji matulivu, si miezi ya Mei hadi Septemba wakati upepo wa kusini umeshika kasi. Boti ipakiwe mzigo wa kawaida wa kazi. Hapa wengi hujidanganya: wanaijaribu tupu, inakwenda vizuri, halafu usiku wanaipakia tani nzima. Baada ya injini kupata moto, gesi ifunguliwe yote kwa dakika moja au mbili na namba isomwe. Itakuwa vizuri zaidi kama jaribio litarudiwa kwa kuelekea upande wa pili.

Kanuni ya kazi ni hii: kila inchi moja ya pichi inayopunguzwa huongeza mizunguko kati ya 150 na 200. Tuchukue mashine ya 15 yenye propela ya pichi 10½ inayosoma 4,400. Kushuka hadi pichi 8 kutaiongezea kama 400 hadi 500, na kuifikisha kati ya 4,800 na 4,900. Hapo ndipo inapotakiwa kuwa. Ingekuwa imesoma 5,600, ingehitaji kupanda inchi moja.

Asiye na mita anaweza kupata dalili kwa simu yenye kipimo cha mwendo. Gesi ikiwa robo tatu, asome mwendo, kisha afungue yote. Kama mwendo hauongezeki ilhali mlio unazidi kuwa mzito na moshi unazidi, boti imefika ukomo wake au propela inaibana mashine. Kwa vyovyote, robo ile ya mwisho ya gesi haimpi faida. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, uliotolewa mwaka 2012 na kuandikwa na mhandisi Øyvind Gulbrandsen kuhusu kuokoa mafuta kwenye vyombo vidogo vya uvuvi, unaweka kupunguza mwendo mbele kati ya njia za kuokoa mafuta. Mashine ya 40 ya mipigo miwili ikifunguliwa yote hunywa karibu lita 18 hadi 20 kwa saa, na ya 15 karibu lita 7. Kurudisha mkono nyuma kidogo usiku mzima ni akiba inayoonekana kwenye dumu.

Jambo jingine la kuangalia ni mahali mashine ilipokaa. Bamba lililo juu ya propela linapaswa kuwa karibu usawa wa sehemu ya chini ya boti, au chini yake kidogo. Tezi la juu likifungwa mashine yenye shafti fupi, propela inanyonya hewa kwenye mawimbi: mlio unapaa ghafla, boti inasita. Hilo haliponywi kwa kubadili pichi. Linaponywa kwa kushusha mashine.

Iliyotumika, lakini si ya kubahatisha

Propela nyingi zinazouzwa mwambaoni ni zilizotumika, na chapa za baadhi yake zimeshafutika. Kipenyo ni rahisi kujua: pima kutoka katikati ya kitovu hadi ncha ya panga moja, kisha zidisha mara mbili. Pichi nayo hupimika kwa rula na meza bapa. Laza propela mezani, chagua alama kwenye panga kama theluthi mbili za njia kuelekea ncha, kisha pima tofauti ya kimo kati ya ukingo mmoja wa panga na mwingine katika mstari wa duara. Kama panga hapo linashika sehemu moja ya sita ya duara na tofauti ya kimo ni sentimita 3.5, zidisha kwa 6. Jibu ni sentimita 21, ambayo ni zaidi kidogo ya inchi 8. Rudia kwa mapanga yote matatu. Yakitofautiana sana, propela hiyo imepindwa na kunyooshwa kwa nyundo, na itatikisa mashine mpaka ile beringi na sili za shafti.

Meno ya ndani ya kitovu lazima yalingane na ya shafti kwa idadi na ukubwa. Mashine nyingi za Kichina zilizoigwa kutoka kwa Yamaha hupokea propela za aina moja nazo, lakini kuhesabu meno ni kazi ya dakika moja na kurudisha propela Kigoma ni safari. Muuzaji pia aulizwe washa nene inayokaa mbele ya propela. Ikikosekana, kitovu kinasaga nyumba ya gia.

Ndani ya kitovu kuna raba iliyobanwa, kazi yake ni kuteleza propela inapogonga jiwe ili gia zisivunjike. Raba ikichoka, mashine inaunguruma lakini boti haiendi, hasa mzigo ukiongezeka, na mtu anaweza kudhani gia zimekufa. Kuna kipimo cha bei ya rangi tu: piga mstari mmoja kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje, nenda ziwani, rudi utazame. Mstari ukikatika na pande mbili kuachana, raba imekwisha.

Kuhusu metali ya propela, alumini inabaki chaguo la busara kwa mashine ndogo. Chuma kisichoshika kutu ni kigumu na chembamba zaidi, lakini ni ghali, na kikigonga jiwe nguvu ya pigo huelekea kwenye gia. Alumini hupinda au kumeguka kwanza. Propela ya mapanga manne hushika maji vizuri zaidi kwa mzigo mzito, ingawa kwa mashine ndogo za zamani hupatikana kwa nadra. Mikato midogo kwenye ukingo husawazishwa kwa tupa. Kukata ncha za mapanga yote ili kupunguza mzigo ni dawa ya dharura: mizunguko inapanda, lakini eneo la kusukuma maji linapungua, na boti nzito inahitaji eneo hilo kuliko kitu chochote.

Maji yenyewe

Ziwa Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470, lakini propela huvunjikia ufukoni. Mstari wa maji hapa haujawahi kutulia. Baada ya mwaka 1878, mto Lukuga upande wa Kongo ulipofungua njia yake, ziwa lilishuka kama mita 10 katika muda usiozidi miaka 20, na kituo ambacho Wabelgiji walikijenga Karema mwaka 1879 karibu na maji kikabaki mbali na ufuko. Miaka ya karibuni maji yamefanya kinyume, yamepanda na kumeza miti na majengo ya mwambao. Visiki na kuta zilizozama hazionekani alfajiri. Ziwa Rukwa, upande wa Mpimbwe, lina shida nyingine: ni la kina kifupi, na propela huchimba tope. Kote kuwili, mashine inapaswa kuinuliwa mapema na boti kumaliziwa kwa pondo au kasia.

Adui wa kimya ni uzi wa nyavu. Uzi wa nailoni ukijizungusha nyuma ya propela, unakata sili ya shafti, maji yanaingia kwenye gia, na oili inageuka nyeupe kama maziwa. Propela ifunguliwe mara kwa mara, uzi utolewe, na shafti ipakwe grisi. Anayeigusa propela azime mashine kwanza na kuchomoa kofia ya plagi, kwani mashine ya mipigo miwili yenye moto huweza kuwaka kwa kuizungusha kidogo tu.

Mwaka 2024 Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na boti zikakaa nchi kavu miezi mitatu. Muda wa namna hiyo, pamoja na siku za mbalamwezi ambazo taa hazivuti dagaa, ndio muda wa kukagua propela, raba na oili ya gia. Mita ya mizunguko si lazima kila mmoja awe na yake: kikundi cha wavuvi cha mwalo kinaweza kununua moja na kuiazimisha kwa zamu. Na yeyote anayekwenda dukani aende na mambo matatu yameandikwa: namba za propela aliyonayo, mizunguko iliyosomwa boti ikiwa na mzigo, na idadi ya meno ya shafti. Muuzaji akitoa propela bila kuuliza hata moja kati ya hayo, mteja amuulize yeye kabla ya kufungua pochi.